Hesabu ya tajiri ndiyo inatutesa kwenye daladala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee daladala za Dar maana kila ikija operesheni wanaokamatwa ni dereva na konda, wanapigwa faini ya 30,000, kesho yake gari ileile inakatisha ruti palepale. Gari imeandikwa Gongo la Mboto, ikifika Buguruni konda anagonga bodi "mwisho wa gari, shukeni", watu wameshalipa nauli wanaanza kugombania gari upya, mama ana mtoto mgongoni na mvua hiyo.

Mimi nasema shida ni hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka pesa yake kila jioni, iwe foleni iwe mvua, mafuta juu ya dereva, kinachobaki ndio anagawana na konda. Sasa hapo dereva akigeuzia njiani ni kwa vile anaona mbele hakuna abiria, akitanua, yaani akipita pembeni ya foleni, anafukuzia hesabu, na mwanafunzi wa nauli ya shilingi 200 anaonekana anaziba nafasi ya mtu mzima. Simama kituoni asubuhi uone, konda kaweka mkono mlangoni, noti kazikunja katikati ya vidole, "wanafunzi wawili tu!", wengine wanabaki na mabegi yao na shule kengele inagongwa. Inaniuma sana hii, ni watoto wetu.

Madereva wenyewe mwaka 2015 waligoma mpaka nchi ikasimama, wakidai mikataba. Sheria ya ajira ipo toka 2004 ila kwenye daladala mambo mengi bado ni kwa mdomo, na deiwaka, yule dereva wa kushikiza, ndio kabisa, anashika usukani masaa mawili mwenzake akale, akigonga mtu nani anajibu?

LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ndio wanapanga nauli na ruti, na leseni ya kusafirisha abiria wanampa mwenye gari. Basi wambane huyohuyo. Asipoonyesha mkataba na mshahara wa dereva na konda asipewe leseni, na ruti ikikatishwa isimamishwe gari yenyewe, tajiri naye alale bila mapato.

Najua wenye magari watasema wana marejesho benki na spea zimepanda, ni kweli kabisa, lakini kama nauli haitoshi kulipa mshahara waje waseme kwenye vikao vya nauli wananchi tukisikia, tubishane na hesabu zikiwa mezani, sio kumtupia dereva mzigo halafu yeye anautua kwetu.

Abiria wa kila siku,
Mbagala, Dar es Salaam