Japani imepata waziri mkuu mwanamke, saa za kazi ni zile zile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu Sanae Takaichi, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Japani tangu Oktoba 2025. Wasomaji wengi wamempongeza, na wapo waliomlinganisha na Rais Samia. Nami nilifurahi. Ila naishi na kufanya kazi Nagoya, na nadhani furaha yetu imetufanya tusisikie alichosema.

Siku aliposhinda uongozi wa chama chake cha LDP, Takaichi aliwaambia wabunge wenzake kwamba yeye habari za kugawa muda kati ya kazi na maisha ya nyumbani anaachana nazo. Atafanya kazi, kazi, kazi, kazi na kazi. Mara tano. Kauli hiyo inanisumbua kwa sababu inagusa penyewe: huku mtu anahesabiwa kiongozi kwa saa anazokaa kazini, na kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mwanamume mwenye mke nyumbani.

Sheria hazikukosekana. Sheria ya fursa sawa za ajira ilipitishwa 1985. Kampuni kubwa zikaitikia kwa kugawa waajiriwa njia mbili: ya kupanda vyeo, inayodai ukubali kuhamishiwa mji wowote na kubaki ofisini hadi usiku, na ya kazi za kawaida za ofisi, isiyo na uhamisho wala cheo cha maana. Hakuna aliyeandika kwamba hii ni ya wanaume na ile ya wanawake. Haikuhitajika. Mwaka 2003 serikali ikaahidi wanawake asilimia 30 katika nafasi za uongozi ifikapo 2020; ulipofika huo mwaka, tarehe ikasogezwa mbele. Katika ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya 2025 kuhusu pengo la kijinsia, Japani ni ya 118 kati ya nchi 148, nyuma ya wenzake wote wa G7, kundi la nchi saba tajiri.

Lakini takwimu hazionyeshi mambo yanavyokwenda siku ya kazi. Hapa, kabla ya kumpeleka mtoto kituo cha kulelea watoto, mzazi humpima joto na kuliandika kwenye daftari. Likifika nyuzi 37.5 mchana, kituo kinapiga simu, na karibu kila mara anayepigiwa ni mama. Nina mwenzangu ofisini, mhandisi hodari. Simu ikija, anainuka, anakwenda meza kwa meza akiinama na kuomba radhi kwa usumbufu, ndipo anakimbilia treni. Mumewe anafanya kazi karibu zaidi na kituo hicho cha watoto, na habari huzipata jioni.

Bosi wake si mtu mbaya. Alimwondoa kwenye mradi mkubwa kwa kumhurumia, asielemewe. Vyeo vilipogawiwa, mwenzangu hakuwa na mradi wa kuonyesha, akapandishwa kijana ambaye mwenzangu ndiye aliyemfundisha kazi. Naogopa huruma ya namna hii kuliko dharau ya wazi, maana dharau unaweza kuishtaki.

Takwimu za OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, zinasema mwanamke wa Japani hutumia dakika 224 kwa siku kwa kazi za nyumbani zisizo na malipo, mwanamume 41. Likizo ya baba ipo kisheria, na mwaka 2024 asilimia 40.5 ya akina baba walioajiriwa waliichukua, maendeleo makubwa kwa kweli, ingawa wengi ni kwa wiki chache tu.

Watetezi wa hali hii humtaja Mitsuko Tottori, aliyeanza kazi kama mhudumu wa ndege mwaka 1985 na Aprili 2024 akawa rais wa shirika la ndege la JAL. Namheshimu sana. Hata hivyo, mtu mmoja aliyepenya hawezi kuwa ushahidi kwamba njia iko wazi kwa waliobaki nyuma.

Kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwetu. Tangu 2019 sheria inaweka kikomo cha ovataimu, kwa kawaida saa 45 kwa mwezi. Kikomo hicho hakiwahusu mameneja. Kwa hiyo mwanamke anayepewa umeneja anaalikwa kuingia mahali ambapo sheria haimlindi tena dhidi ya kubaki kazini hadi usiku, huku mtoto akisubiri kuchukuliwa. Akikataa, inasemwa wanawake wa Japani hawapendi vyeo. Nimeisikia kauli hiyo vikaoni, ikisemwa na wanaume ambao hawajawahi kupigiwa simu ya nyuzi 37.5.

Na siku ile ile alipounda serikali, Takaichi alimwagiza waziri wa kazi aangalie uwezekano wa kulegeza kanuni za saa za kazi. Naomba gazeti lako lifuatilie agizo hilo kwa bidii ile ile liliyotumia kuripoti ushindi wake. Kikomo kikilegezwa, wanawake wengi watakaonyimwa vyeo miaka ijayo watakuwa wamenyimwa na serikali inayoongozwa na mwanamke, na sisi tutakuwa tumeishangilia.

Msomaji wako,
Nagoya, Japani