Kuhusu hiyo fomu ya chama

Mwanangu Salma,

Mama yako kanisomea ujumbe wako. Unasema msimamizi kawaambia atakayejaza fomu ya chama cha wafanyakazi asitegemee mkataba mpya, nawe wataka kujua mimi naonaje. Ijaze. Lakini usiijaze kwa kunitii tu, ndiyo maana nakuandikia.

Januari 1947, hapa hapa Mombasa, watu wapatao 15,000 waligoma: makuli wa bandarini, wa reli, hata wapishi wa majumbani. Vyakula vilikuwa ghali tangu Vita vya Pili vya Dunia, vyumba havipatikani, na mshahara ulifuata rangi ya mtu. Walikuwa wakikutana Kiwanja cha Maskini, wakidai malipo sawa kwa kazi sawa. Chege Kibachia, kijana wa miaka ishirini na kitu, akawa kiongozi wao. Mwezi wa Agosti alikamatwa, akazuiliwa Kabarnet miaka mingi. Jina lake halitajwi vya kutosha, nami jambo hilo huniuma.

Na yuko Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake Nairobi. Wakati huo kila kabila na rangi iliwekwa kivyake. Chama alichokiongoza kilianza kama cha Wahindi, naye mwaka 1935 akakifungulia kila mfanyakazi. Mwaka 1937 kiligoma siku 62, hadi nyongeza ikapatikana. Mei 1950 alikamatwa pamoja na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kuwatetea. Singh hakuachiwa hadi 1961.

Huyo msimamizi wenu anawatisha mmoja mmoja kwa sababu hawezi kuwatisha nyote pamoja. Mimi nilipoumia mgongo ghalani, bosi alitaka kunikata mshahara. Katibu wa tawi la chama chetu aliingia ofisini na kitabu cha makubaliano, akaweka kidole kwenye kifungu cha likizo ya ugonjwa. Nililipwa mwezi mzima.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kujiunga na chama, na ya kugoma pia. Zungumza na wenzako wa laini yenu, mzipeleke fomu siku moja, nyote. Baki na nakala yako. Na maneno aliyowaambia yaandike, pamoja na tarehe na majina ya waliosikia, umpe mwakilishi wenu.

Mama anakusalimu sana.

Baba yako