Tunailaumu EPRA, na sensa mbovu ya gari inakunywa petroli

Mhariri,

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ikitangaza bei mpya za mafuta, watu hujaa kilio, na kilio hicho ni halali. Hata mimi nalia. Lakini kuna petroli nyingine inayotuponyoka bila kutangazwa na yeyote. Nazungumzia haya magari yetu makuukuu yenye nambari za KA, yanayofuka moshi mweusi asubuhi kutoka Njoro hadi mjini, na wenyewe wamekwisha kuamini kwamba ndivyo gari zee linavyokuwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Gari langu ni Toyota Corolla ya injini ya 5A, ambayo fundi yeyote wa Nakuru anaweza kuifungua gizani. Lilianza kunywa mafuta polepole, kisha kwa fujo. Asubuhi likiwa baridi liliwaka bila matata. Likishapata moto, nikilizima mbele ya duka na kurudi baada ya muda mfupi, starta ilizunguka weee, petroli ikinuka hadi ndani, mpaka nikanyage mafuta yote ndipo liwake. Plagi zilitoka nyeusi tititi, masizi makavu matupu. Na mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umetulia pale pale pa siku zote, chini kidogo ya katikati. Huo mshale nitaurudia.

Gereji niliyolipeleka sitaitaja. Waliosha injekta, vile vinyunyizio vya petroli. Wakabadilisha plagi na chujio la hewa. Kisha wakataka pampu ya petroli, na kabla sijakubali au kukataa, nikakuta wameng'oa themostati na kuunganisha feni moja kwa moja na swichi ya ufunguo, izunguke muda wote. Nilipouliza sababu, mkubwa wao akanijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, hiyo kitu ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi."

Njoro! Mwezi wa Julai tunakwenda kanisani na sweta mbili.

Labda Kisumu, iliyo kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mtu anaweza kudanganyika hivyo kwa sababu ya joto la pale. Lakini gari hilo hilo lililotolewa themostati likipanda Mau Summit, au Timboroa iliyopita mita 2,700, injini hukawia kupata moto unaostahili, au isiupate. Themostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake. Nyingi za Toyota hizi zimepigwa chapa ya 82, yaani huanza kufunguka kwenye digrii hizo. Ukiitoa, kompyuta ya injini inaendelea kudhani kumekucha sasa hivi na injini bado ni baridi, nayo inaongeza petroli. Kwa hiyo walichonifanyia kilikuwa kuongeza ugonjwa ule ule niliokuja nao.

Niliwauliza kama wamepima sensa ya joto la maji, ile inayopeleka habari kwa kompyuta. Wakaniambia taa ya injini haijawaka, basi kompyuta haioni kosa. Hapo ndipo pana mtego, na ndipo ningependa wasomaji wako wakae kidogo.

Toyota ya umri huo haihitaji mashine ya kusoma makosa. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua ufunguo bila kuwasha injini, na ile taa ya injini inakonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikanyamaza, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Yangu ilikonyeza mfululizo, maana yake hakuna kosa. Lakini kompyuta huandika 22 pale tu waya umekatika au umegusana. Hapo hujua imepotezwa, ikachukua kwamba maji yamefika digrii 80 na kuendelea na safari. Sensa iliyochoka haikati waya. Inaendelea kutoa jibu, na jibu ni la uongo linaloaminika.

Ndani ya sensa hiyo kuna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Maji yakiwa digrii 20, mita ya umeme inapaswa kusoma ukinzani wa kati ya omu 2,000 na 3,000. Yakifika 80, kati ya 200 na 400. Sasa sensa ikikwama kwenye elfu mbili, kompyuta haina sababu ya kutilia shaka, maana elfu mbili ni jibu sahihi kabisa la injini ya alfajiri. Inamwaga petroli kama mpishi aliyekufa ganzi ulimi anavyoongeza chumvi.

Na ule mshale? Hauhusiki. Injini hii ina vipimajoto vitatu tofauti: kimoja cha waya mmoja kwa ajili ya mshale, kimoja cha waya mbili kwa ajili ya kompyuta, na swichi ya feni iliyo upande wa themostati. Mshale unaweza kusema kweli huku kompyuta ikidanganywa. Ndiyo maana dereva anayeutazama mshale peke yake atazunguka gereji zote za mji huu na kurudi na moshi wake.

Nililipeleka gari nyumbani, nikamwita kijana mmoja wa hapa mtaani anayefanya kazi hizi chini ya mti, mwenye mikono safi kuliko wengi wenye ofisi. Aliichomoa soketi ya sensa kwa kubonyeza kile kilimi cha plastiki. Hakuvuta waya, na hilo pekee lilinifanya nimwamini, kwa sababu plastiki ya zamani ikivutwa inavunjika na utahangaika kuitafuta nyingine. Ndani, pini hazikuwa na ukungu wa kijani. Tukaisubiri injini ipoe kabisa, akapunguza maji kwa kufungua kizibo cha chini cha rejeta, akafungua sensa kwa spana namba 19.

Jikoni nilikuwa nimeteleka sufuria. Wanafunzi wangu wa zamani watakumbuka kwamba Njoro maji hayachemki kwenye digrii 100. Kwa mwinuko wetu huchemka kama digrii 93, na kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyebisha mpaka aone mwenyewe. Tuliiweka sensa kwenye kikombe cha maji baridi, mita ikasoma zaidi ya 2,400. Tukaichovya ncha yake kwenye maji yaliyokuwa bado yanatokota. Mita ikashuka kidogo, ikasitasita, ikakaa juu ya 1,900. Yule kijana aliitazama mita, akaigonga, akanitazama mimi. "Mwalimu, hii imekufa ikiwa imesimama."

Dukani mjini waliniletea kwanza ile ya waya mmoja ya mshale, na muuzaji akaapa kwamba ni zote sawa. Nilipomwonyesha ya zamani akaitoa inayofanana nayo. Sikulipa. Nilimwomba mama wa kibanda cha chai cha jirani kikombe cha maji moto, nikaipima pale pale kaunta. Wateja walicheka, lakini namba iliteremka mbio hadi mia mbili na kitu, na yule muuzaji akaniuliza mita ile inauzwa wapi. Bei ya sensa haikufika hata elfu mbili. Kuosha injekta peke yake kulikuwa kumenigharimu zaidi ya hapo.

Kuifunga si kazi kubwa, ila ina mambo yake. Sensa ya waya mbili haihitaji mkanda mweupe wa mafundi bomba. Ile ya mshale ndiyo ukiizungushia mkanda mwingi unaikata ardhi yake, kwa sababu inarudisha umeme kupitia mwili wake, kisha unashangaa mshale haupandi. Wasa, ile pete ya kuziba, iwe mpya. Usikaze kwa hasira, nyumba yake ni ya aluminiamu. Kijana alirudisha pia themostati, mpya, kwa kuwa maji yalikwisha kupunguzwa. Tukajaza koolanti badala ya maji ya bomba, injini ikanguruma huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na hita imefunguliwa hadi mapovu yakaisha. Hewa ikibaki pale kwenye sensa, hata iwe mpya itasoma uongo, kwa sababu inapima hewa. Mwisho akachomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kunyunyiza petroli, kwa muda kidogo ili kompyuta isahau ya nyuma.

Harufu imekwisha. Nalizima na kuliwasha likiwa moto bila kulibembeleza. Pesa niliyokuwa nikiweka kwa wiki moja ya kwenda na kurudi mjini sasa inavuka wiki na kubaki.

Maombi yangu, Mhariri, ni mawili. Elimu ya ufundi wa vijijini iko chini ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ndiyo inayowatahini mafundi kwa madaraja. Mwanafunzi wa makanika asipewe daraja lolote kabla hajashika mita na kuonyesha sensa nzima na sensa mbovu kwa kikombe cha maji moto. Mita ya kawaida ni rahisi kuliko pampu ya petroli tunayouziwa kwa kubahatisha. La pili ni letu wenye magari: kila spea inayotolewa idaiwe mkononi kabla ya kulipa. Themostati yangu ya kwanza sijui ilikokwenda, na sitashangaa ikiwa iko ndani ya gari la mtu mwingine huko Molo, aliyeuziwa kama mpya.

Feni bado inazunguka muda wote ninapoandika barua hii. Swichi ya feni niliyouziwa ni ya aina inayounganisha umeme maji yakipata moto, na Toyota hii inataka ya kinyume, inayounganisha ikiwa baridi na kuachia ikipata moto. Msomaji wa Nakuru au Kisumu mwenye ile sahihi dukani kwake aandike kupitia gazeti. Nitakuja na mita yangu.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Kaunti ya Nakuru