Kiwanja Huulizwa Maji, Kwa Nini Hakiulizwi Njia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake uliichapisha wiki iliyopita. Alilalamikia foleni za magari hapa Phoenix, jimbo la Arizona, akahitimisha kwamba dawa yake ni kuiongezea barabara kuu ya Interstate 10 (I-10) njia mbili kila upande. Malalamiko yake nayaunga mkono yote, kwa kuwa barabara hiyohiyo ndiyo niipitayo siku tano kwa wiki, nikitoka Buckeye, mji wa pembezoni upande wa magharibi, alfajiri kwenda kazini Tempe, upande wa mashariki. Tunapoachana ni kwenye dawa.

Nilihamia Buckeye kwa sababu ambayo nadhani ndiyo iliyomhamisha hata yeye: kule tulipata nyumba ya vyumba vitatu kwa bei tuliyoimudu, ilhali karibu na kazini tungebanana katika fleti ndogo. Dalali alituambia kwamba kutoka pale hadi Tempe ni dakika 45, na kwa haki yake sikumkuta na uongo, ila alisahau kututajia ni dakika 45 za saa ngapi. Nikiondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, nafika kwa muda huo. Nikiondoka saa kumi na mbili, muda huo huweza kuongezeka maradufu, na siku ya ajali hakuna wa kukadiria. Kwa hiyo huondoka saa kumi na nusu, nikafika mapema mno, nikalaza kiti cha gari na kusinzia hadi zamu ianze. Katika maegesho yale tupo zaidi ya kumi tunaofanya hivyo. Majira ya baridi kila mtu huja na blanketi lake, kwani jangwa lina baridi kali alfajiri. Ifikapo Julai, hata kabla jua halijachomoza, hakuna awezaye kulala ndani ya gari bila kuwasha kiyoyozi, na injini zetu huunguruma tukiwa tumeegesha. Mafuta tuliyookoa kwa kuikwepa foleni tunayachoma tukiwa tumesimama.

Msongamano huu hauwezi kusemwa kwamba uliwavamia watu ghafla. Sensa ya mwaka 2000 iliikuta Buckeye ikiwa na wakazi 6,537. Ya mwaka 2010 ikawakuta 50,876. Ya mwaka 2020 ikawakuta 91,502. Gilbert, upande wa mashariki, ilikuwa na watu wasiofika 6,000 mwaka 1980, na miaka arobaini baadaye ilikuwa na zaidi ya 267,000. Phoenix yenyewe, iliyokuwa na watu wapatao 107,000 mwaka 1950, leo ina zaidi ya milioni 1.6, na ukijumlisha miji yote inayoizunguka unapata kama milioni tano. Kila nyumba ya watu hao ilikuwa na mchoro, na kila mchoro ulipita mezani kwa baraza la mji ukapigwa muhuri. Hakuna hata familia moja iliyohamia kwa siri.

Msomaji ambaye hajafika huku anaweza kudhani kwamba jangwani nafasi ni tele, hivyo barabara haziwezi kuwa tatizo. Nafasi ni tele kweli, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Ardhi ya pembezoni ni tambarare na ya bei nafuu, kwa hiyo mjenzi hununua shamba la zamani la pamba au kipande cha jangwa tupu, akapanga nyumba mia kadhaa zinazofanana na kuzizungushia ukuta mmoja wenye mageti mawili. Kazi, hata hivyo, hazihami na nyumba. Zimebaki katikati ya Phoenix, uwanja wa ndege, Tempe na Chandler, na siku hizi pia kaskazini ambako kampuni ya TSMC imejenga viwanda vyake vya chipu za kompyuta. Baina ya nyumba na kazi pamebaki koo moja jembamba. Sisi wa magharibi tuna milima ya White Tank upande mmoja na bonde la mto Gila upande wa pili, na katikati inapita I-10.

Wenzetu wa mji wa Maricopa, ambao licha ya jina lake haumo katika kaunti ya Maricopa, ilimo Phoenix, bali ya Pinal, wana hali mbaya zaidi. Mji huo ulikuwa na watu 1,040 mwaka 2000 na 58,125 mwaka 2020, na karibu wote waendao Phoenix hutegemea barabara namba 347, yenye njia mbili kila upande, inayopita katika ardhi ya jamii ya wenyeji wa Gila River. Ardhi ile ina wenyewe, nao hawana deni la kuichanachana ili kuwafaa watu waliouziwa nyumba upande wa pili. Mwaka 2017 wapiga kura wa Pinal walikubali kutozwa kodi ya mauzo kwa ajili ya barabara. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaibatilisha mwaka 2022, na walipoulizwa upya mwaka huohuo, wakakataa. Kinachochekesha, kama kuna anayeweza kucheka akiwa kwenye foleni ya 347, ni kwamba Maricopa ina kituo cha treni ya abiria ya masafa marefu, ambacho Phoenix yenyewe haina tangu mwaka 1996. Treni hiyo hupita mara tatu kwa wiki, na haiendi Phoenix.

Sasa nirudi kwenye njia mbili za ndugu yangu. Mwaka 1973 wakazi wa Phoenix waliikataa kwa kura barabara kuu ya Papago, ambayo ingeinuliwa juu ya mji kwa nguzo ndefu, wakiogopa kwamba Phoenix ingegeuka kuwa Los Angeles nyingine. Baadaye walibadili mawazo. Mwaka 1985 kaunti ya Maricopa ilikubali kodi ya nusu senti katika kila dola ya mauzo ili kujenga mtandao wa barabara kuu, na Agosti 1990 kipande cha mwisho cha I-10, chenye handaki chini ya bustani katikati ya mji, kikafunguliwa. Kodi hiyo iliongezewa muda mwaka 2004 na tena Novemba 2024. Kwa fedha hizo tumejengewa barabara za mzunguko 101, 202 na 303. Kipande cha 202 kiitwacho South Mountain chenye urefu wa kilomita 35 kilifunguliwa Desemba 2019, na tangu mwaka 2021 tumepanuliwa kilomita 18 za I-10 kwenye kona ya Broadway, mahali ambapo hupita karibu magari laki tatu kwa siku. Hata huku kwetu Buckeye I-10 imepanuliwa katika miaka ya karibuni.

Sisemi kwamba fedha hizo zilitupwa. Bila barabara hizo mji huu usingetembea kabisa, na mimi mwenyewe nilifurahia upanuzi wa Buckeye kwa miezi kadhaa. Tatizo ni kilichofuata miezi hiyo: mabango ya nyumba mpya yaliyosogea mbele zaidi kwenye jangwa, yakitangaza kwamba mji uko karibu. Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu miji ya Marekani, wakaonyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa na magari huongezeka karibu sawasawa na kilomita za njia zinazoongezwa katika barabara kuu za kitaifa. Njia mpya hupunguza muda wa safari, muda mfupi huufanya umbali uonekane mdogo, mjenzi huuza umbali huo, na wanunuzi wake hujaza njia. Mtu hahitaji kuwa mchumi kuliona hilo. Inatosha kuishi Buckeye miaka sita.

Wapo watakaosema kwamba usafiri wa umma haufai jangwani, na hoja hii siichukulii kwa dharau. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kuzidi nyuzi 43 za Selsiasi, na mwaka huo kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Lami ya mchana wa Julai huunguza ngozi ya mtu aliyeanguka. Kumwambia mama mwenye mtoto asubiri basi nusu saa kando ya nguzo isiyo na kivuli ni kumwambia anunue gari, na akishalinunua atakuwa mbele yangu kwenye I-10. Ndiyo maana naamini kwamba katika mji kama huu banda la kituo cha basi, mti uliopandwa njiani kuelekea kituoni, na basi linalokuja kila baada ya dakika kumi ni sehemu ya mpango wa kupunguza magari. Mabasi ya haraka ya kwenda katikati ya Phoenix yapo, lakini ni machache asubuhi na machache jioni, yamepangwa kwa mtu wa ofisini. Anayeingia zamu saa kumi na mbili alfajiri, au anayetoka saa nne usiku, hayamhusu.

Na reli si ndoto hapa. Februari 1980 mafuriko ya Salt River yaliharibu madaraja mengi kiasi kwamba yalibaki mawili tu ya kuvukia magari eneo zima, na watu wakakaa saa nyingi wakisubiri kuvuka mto ambao kwa kawaida ni mchanga mkavu. Serikali iliazima mabehewa, ikaendesha treni ya abiria baina ya Mesa na Phoenix kwa karibu wiki mbili, na wakazi wakaibatiza Hattie B. kwa jina la mke wa gavana wa wakati ule, Bruce Babbitt. Madaraja yalipotengenezwa, treni ikaondolewa. Miaka tisa baadaye wapiga kura waliukataa mpango wa reli wa ValTrans, na ilibidi tusubiri hadi Desemba 2008 ndipo treni ya mjini ya kilomita 32 ianze kupita Phoenix, Tempe na Mesa. Imekuwa ikirefushwa polepole tangu hapo, lakini haijafika magharibi ya mbali, na sheria iliyoruhusu kura ya 2024 inakataza nusu senti ya kaunti kutumika kuirefusha. Wengi niliozungumza nao waliipigia kura kodi hiyo bila kulijua sharti hili.

Jambo ambalo ningependa ndugu yangu alitafakari, hata hivyo, ni la maji. Arizona ina sheria ya mwaka 1980 ambayo, katika maeneo kama haya yetu, humtaka anayetaka kuuza viwanja athibitishe kwanza kwamba maji ya kuwatosha wakazi yapo kwa miaka 100. Wajenzi hawaipendi, lakini wanaitii. Juni 2023 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba haitatoa vibali vipya kwa mitaa itakayotegemea maji ya ardhini pekee katika eneo la Phoenix, na miradi mikubwa ya pembezoni ikalazimika kujieleza upya. Wapo waliolalamika kwamba serikali imevuka mipaka, lakini kuuliza watu watakunywa nini ni swali la haki.

Kama kiwanja kinaweza kuulizwa maji ya karne nzima, kwa nini hakiulizwi wakazi wake watatokaje saa kumi na mbili asubuhi? Sidai miaka 100. Ningeridhika na mitano: mjenzi aonyeshe kabla ya kupata kibali ni barabara ipi itakayobeba magari ya nyumba zake, ina nafasi kiasi gani iliyobaki, nani atakayelipia basi na kituo chenye kivuli, na ni ajira ngapi zitakazokuwa ndani ya mji wenyewe badala ya kilomita 70 kutoka hapo. Asiyeweza kuonyesha asogeze nyumba zake mahali ambapo treni inapita tayari. Huko Tempe, tangu mwaka 2023, wapo wapangaji katika mtaa uliojengwa kando ya reli bila maegesho ya wakazi. Si kila familia itataka kuishi hivyo, lakini kila mmoja wao ni gari moja ambalo halipo mbele yetu.

Maswali haya huamuliwa na baraza la mji, na walio na kura miongoni mwetu wanaweza kwenda kuyauliza huko. Vikao hufanyika jioni, wakati ambapo wengi wetu tunaokaa Buckeye tupo I-10 tukielekea nyumbani, taa nyekundu mbele hadi upeo wa macho. Ndiyo sababu nimeandika kwako.

Msomaji wako,
Buckeye, Arizona