Ndoo chini ya bomba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na pilika za kuhama. Swali lako, kama ununue mashine ya kuoshea vyombo au uendelee kuosha kwa mkono, limenikaa kichwani wiki nzima. Aliyekuambia inakula umeme hakukudanganya, ila alilisahau bomba.

Jana usiku niliweka ndoo ya lita 10 kwenye sinki, nikaosha vyombo juu yake huku bomba la maji ya moto likitiririka, kama ninavyofanya siku zote. Ndoo ilijaa mara nne. Nilipoimwaga ya nne, mvuke ukinipiga usoni, moyo uliniuma kweli. Kupasha lita 40 kutoka nyuzi 20 hadi 45 ni zaidi kidogo ya uniti moja ya umeme. Mashine nyingi za sasa, kwenye programu ya kubana matumizi, hutumia karibu uniti hiyo hiyo moja na maji lita kama 10, tena kwa vyombo vingi kuliko vyangu vya jana!

Leo asubuhi nikabadilisha. Mabeseni mawili: moja la maji ya moto yenye sabuni, lita 8, jingine la maji baridi ya kusuuzia. Nilianza na glasi, sufuria zenye ukoko nikaziacha mwisho. Lita 8 hizo hazikufika hata robo ya uniti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 2020, nao walikuta mabeseni mawili yanaishinda mashine kwa kupunguza gesi joto, zile zinazoongeza joto duniani, na bomba lililoachwa wazi likashika mkia. Na ukiosha kwa maji baridi matupu, umeme wa kupasha haupo kabisa.

Ukiamua kununua, subiri ijae ndipo uiwashe. Makombo yakwangue tu. Ukisuuza kwanza kwa maji ya moto, umelipa mara mbili. Programu ya saa tatu isikutishe, kwani inachukua muda mrefu kwa sababu haipashi maji sana, na kinachokula umeme hasa ni joto. Ikimaliza, fungua mlango vyombo vikauke vyenyewe.

Mimi mwenzio nabaki na mabeseni. Lakini kabla hujatoa hela, weka ndoo leo usiku, kisha uniandikie imejaa mara ngapi.

Rafiki yako,
Mwanaidi