Kwa Mama Salim, kuhusu mlima wa Ngazija

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu Mama Salim,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi na watoto hatujambo, alhamdulillahi, na natumai nyote huko Lamu mu wazima, pamoja na bibi. Mpe salamu zangu nyingi, umwambie udi aliouagiza nimeupata, utakuja na mtu wa kwanza atakayesafiri.

Nimerudi kutoka Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, na kabla sijafungua hata mizigo nimeona nikuandikie, maana najua hulali. Swali lako nilikwenda nalo na kurudi nalo: nimpe Salim radhi akaoe na kukaa chini ya mlima unaotema moto? Uliniambia niangalie kwa jicho la mama, si la mtalii. Basi nimeangalia, na jibu langu nalitanguliza: mpe radhi. Ila usiulize habari za mlima peke yake, uliza na birika la maji ya mvua la nyumba atakayoingia.

Wenyeji wangu ni yule shoga niliyesoma naye chuoni Kuze na mume wake. Wazee wake walikuwa Wangazija wa hapahapa Mombasa, kisha akarudi kwao, akapewa nyumba ya upande wa mama yake, mume akahamia. Ndiyo desturi yao: binti hujengewa nyumba na mwanamume huingia. Kwa hiyo Salim kuhama si kwamba ametekwa, mwenzangu. Mwanamume wa kule akiingia nyumba ya mkewe huwa ametimiza jambo la heshima, na hakuna anayemdharau. Hilo liondoe moyoni kabisa.

Ukishuka kiwanja cha ndege cha Hahaya, macho yanakutana na mawe meusi. Barabara ya kuingia Moroni, mji mkuu wao, inapita kwenye lava ya zamani, yaani mwamba ulioyeyuka uliotemwa na mlima ukateremka mpaka baharini ukaganda, na majani yameshaanza kuota katikati ya nyufa. Sisi tuliozoea jiwe la matumbawe na chokaa tunashtuka kidogo. Mlima wenyewe, Karthala, una mita 2,361, lakini hauna ncha. Umelala mpana, umejaa upande wa kusini wa kisiwa, na mara nyingi ikikaribia adhuhuri mawingu yameshaufunika. Ukitaka kuuona uamke mapema.

Nami nikawa naamka mapema. Nikishaswali alfajiri natoka uani naangalia juu kama kuna moshi. Shoga yangu akaniona, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

Pale pana birika la saruji, linanifika kifuani, limefunikwa bati zito lililokandamizwa kwa mawe mawili. Mlizamu unashuka kutoka paani, unaingia kwenye bomba, na mdomo wa bomba umefungwa kipande cha kanga kuukuu, tabaka mbili. Mahali bomba linapoungana na mlizamu hawakutia saruji wala gundi. Limechomekwa tu. Akalichomoa mbele yangu kwa mkono mmoja, akalirudisha. "Mlima ukianza," akaniambia, "watoto wangu wanajua pa kukimbilia. Mimi nakimbilia hapa kwanza."

Maana Ngazija, Mama Salim, haina mto. Mvua inanyesha sana, pengine kuliko kwetu, lakini jiwe la lava lina matundu na nyufa, maji yanapita moja kwa moja chini mpaka yanakutana na bahari. Visima vya pwani vingi vina chumvi chumvi. Watu wa vijiji vya juu wanaishi kwa maji ya paa, kama wanavyoishi watu wa Faza na Kizingitini kwa majabia yao. Sasa fikiria mlima uteme majivu juu ya mapaa yote hayo.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2005. Ulitema majivu Aprili, maelfu ya watu wakahama vijiji vyao, kisha ukarudia Novemba mwaka huohuo. Hakuna lava iliyofika mlangoni kwa mtu. Majivu ndiyo yaliyowafika, yakaingia kwenye mabirika ya vijiji vingi, ikabidi watu waletewe maji ya kunywa. Shoga yangu anasema mchana ulikuwa wa kiza, kila mtu kajifunga kitambaa puani, na wanawake wanalia kwa ajili ya birika lililokuwa limejaa jana yake.

Ana chupa ndogo ya majivu yale ameyahifadhi. Akanimiminia kiganjani. Ni ya kijivu cheusi na mazito, tofauti kabisa na majivu ya jikoni. Akachukua kidogo akasugua mgongoni mwa sufuria mpya, ikabaki mistari kama imepitiwa msasa. Ni jiwe lililosagwa pamoja na vipande vidogo mno vya kioo, ndiyo maana yanakwaruza macho na kifua, na ndiyo maana hayayeyuki ndani ya maji. Yakilowa juu ya paa yanakuwa tope zito linaloweza kuangusha bati na boriti. Kwa hiyo wao hufagia paa yakiwa bado makavu, pua na mdomo vimefungwa, na maji hawayagusi mpaka wamalize. Mvua kubwa zilizofuata ziliteremsha tope la majivu kutoka mlimani hadi vijijini, kwa hiyo taabu haikuisha siku mlima uliponyamaza.

Mume wake alinihadithia habari ya Mei 2006, jinsi lava ilivyojaa ndani ya shimo la kileleni na usiku mawingu ya juu yakawa mekundu. Watu walitoka mabarazani kuangalia, wengine wakisoma Yasini. Haikutoka nje ya shimo. Januari 2007 ukatikisika tena kidogo, na tangu hapo haujalipuka.

Sitaki lakini udhani nakuficha upande wa pili, kwa hiyo nikawaomba wanipeleke Singani. Ni kusini ya Moroni, unapita Iconi na Mitsoudjé. Aprili 1977 ardhi ilipasuka, na haikupasuka kileleni. Ilipasuka ubavuni, chini kabisa, karibu na watu. Lava ikapita katikati ya kijiji ikaendelea kushuka. Watu waliwahi kuondoka, lakini nyumba zilikwenda. Leo Singani ipo, wamejenga tena palepale juu ya jiwe jeusi, watoto wanacheza mpira pembeni yake, na mzee mmoja alituonyesha kwa fimbo mahali ulipokuwa mlango wa kwao. Alikuwa hana huzuni ya kuonyesha wageni. Alitutajia jirani mmoja mmoja, nyumba hii ya fulani, hii ya fulani, mpaka akamaliza upande mzima wa njia.

Hilo la Singani ndilo lililonifikirisha zaidi ya majivu. Kileleni unaweza kuuchunga kwa macho, ubavuni huwezi. Na kuna jingine la kale: mwaka 1903 hewa ya sumu iliyotoka ardhini iliua watu 17. Kwa hiyo mtu akikuambia mlima ule ni wa kutazamwa tu, usimsikilize. Wapo wataalamu Moroni, kwenye kituo cha serikali cha utafiti kinachoitwa CNDRS, ambao kazi yao ni kusikiliza matetemeko ya mlima kwa mitambo. Lava ikitaka kupanda inabidi ivunje mwamba njiani, na kule kuvunja ndiko kunakoleta matetemeko madogo madogo kabla ya mlipuko. Mara nyingi watu wanaweza kupata onyo. Muda wa onyo ndio usiojulikana. Unaweza kuwa siku nyingi au saa chache.

Nilimuuliza shoga yangu kwa nini hawahami. Hakuniona mjinga kwa kuuliza, lakini alinijibu kwa kunitembeza. Migomba, mikarafuu, mivanila iliyopandishwa juu ya miti, milangilangi iliyokatwa mifupi ili maua yachumwe kwa mkono. Asubuhi harufu ya langilangi inaingia mpaka chumbani. Udongo ule wote umetokana na mlima. Na nyumba ni ya mama yake, na ya mama wa mama yake kabla, na makaburi yao yako hatua chache. Mimi nilimwelewa. Hata sisi watu wa Mji wa Kale tumeambiwa mara ngapi tuhamie bara tupate nafasi, na tupo hapahapa.

Jioni ya mwisho tulikaa barazani na mkate wa sinia na chai ya mchaichai, nikaanza kulalamika kuhusu maji ya Mombasa, maana tunapata kwa zamu na siku nyingine tunanunua mitungi ya mkokoteni. Mume wa shoga yangu aliwahi kufanya kazi Voi miaka mingi, akaniuliza kama najua maji yetu yanatoka wapi. Nikamwambia chemchemi ya Mzima. Akasema, na Mzima yanatoka wapi? Yanatoka Chyulu, Mama Salim, na Chyulu nayo ni volkano, milima midogo mamia iliyopangana, na lava yake ya mwisho ilitoka katika karne ya 19 tu. Mvua inanyesha juu ya Chyulu, inazama kwenye jiwe lilelile la matundu, inasafiri chini ya ardhi, na inapokutana na mwamba wa kale usiopitisha maji inalazimika kutokeza. Hapo ndipo Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na sehemu ya maji hayo inaletwa kwa bomba mpaka huku kwetu. Ngazija hawakupata bahati ya ule mwamba wa kuyazuia. Yao yanaishia baharini.

Tangu nirudi, kila nikifungua mfereji nalikumbuka hilo. Tumelelewa na maji ya volkano sote tuliokulia kisiwa hiki, na hakuna aliyetuambia.

Sasa tuje kwa Salim. Nyumba ya wakwe wa Salim niliiona kwa nje na kwa ndani, walinikaribisha vizuri sana, na mama wa binti ni mtu mpole anayeongea kwa taratibu. Paa ni la bati zuri. Birika lao ni kubwa lakini halina mfuniko wa maana, wameweka mbao, na mlizamu umetiwa saruji kwenye bomba. Salim ni fundi, hiyo ni kazi yake ya siku moja: atie mfuniko unaokaza na kiungo kinachochomoka. Mwambie alifanye hilo kabla ya kununua kitanda. Kisha awe na mitungi kadhaa iliyojaa ndani ya nyumba wakati wote, redio ya betri, vitambaa vizito vya pua, na vyeti vyao ndani ya mfuko mmoja. Na atembee kwa miguu barabara zote mbili za kutoka kijijini, mchana na usiku, mpaka azijue. Mkwewe mwanamume ataona ni adabu, si woga. Nilimsikia mwenyewe akiwalaumu vijana wasiojua njia.

Umezaa mtoto mmoja wa kiume na najua uzito wake. Ningekuwa mimi, ningelia siku ya kumsindikiza, na ningempa radhi.

Wao wanapendekeza nikaha iwe baada ya mfungo, hapa Mombasa kwanza, kisha sherehe yao kule. Nimewaambia neno la mwisho ni lako na la baba yake. Ukikubali, njoo wiki mbili kabla, chumba cha juu nimekitayarisha, na uje na yule fundi wenu wa kofia wa Lamu kama anaweza kusafiri, kwa sababu wazee wa kule wameniomba kofia za mkono na mimi nimeshaahidi kuulizia.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Mama Rukia