BARUA YA KUFUNGA MUHULA: KUUNGANISHA UCHORAJI, MUZIKI NA MIONDOKO

Ndugu Wazazi na Walezi,

Pamoja na fomu ya ripoti, kila mwanafunzi atarudi nyumbani na karatasi ndefu iliyojaa mistari, nukta na mabaka ya rangi. Naomba karatasi hiyo isitupwe kwa kudhaniwa kuwa ni karatasi ya kujaribia rangi, kwa sababu ndiyo kazi kuu ya muhula huu katika masomo ya sanaa, na mtoto wenu anaweza kuisoma kwa sauti na kwa mwili wake.

Muhula huu walimu waliamua kufundisha uchoraji, muziki na miondoko kama somo moja. Hatukukusudia watoto wachore huku muziki ukipigwa ili wachangamke, kwani hilo ni burudani tu. Tulitaka watambue kwamba mambo yaleyale, yaani mdundo, kujirudia, uzito, kasi na kituo cha kunyamaza au kusimama kidogo, yanapatikana katika mstari, katika sauti na katika hatua ya mguu. Mwalimu alipiga ngoma, nao wakafuatisha mapigo kwa krayoni: pigo zito likawa mstari mnene, pigo jepesi likawa nukta. Kisha michoro ikabadilishwa, na kila mtoto akatembea mchoro wa mwenzake bila ngoma kupigwa, huku aliyeuchora akiangalia kama mdundo wake umesomeka sawasawa.

Jambo lililowapa shida kuliko yote ni ukimya. Watoto wengi hawapendi kuacha sehemu ya karatasi ikiwa tupu, na wachezapo hawapendi kusimama. Lakini mchoro usio na nafasi ulipopewa kikundi kiusome, wasomaji waliishiwa pumzi, wakaomba wenyewe urekebishwe. Tangu hapo nafasi nyeupe ilipewa heshima yake, na baadhi ya watoto wa madarasa ya chini walianza kuipima kwa vidole ili kituo kisizidi wala kupungua.

Njia hii si mpya. Émile Jaques-Dalcroze, aliyefundisha muziki mjini Geneva mwishoni mwa karne ya 19, aliona kwamba wanafunzi wake waliweza kuandika muziki kwa kufuata kanuni bila kuusikia vichwani mwao, naye akaanza kuwafundisha mdundo kwa kutembea na kwa miondoko ya mwili mzima. Mchoraji Wassily Kandinsky, ambaye pia alipiga selo, ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito, alihusisha rangi ya manjano na tarumbeta, samawati na filimbi, na buluu iliyokoza na selo. Watoto wa madarasa ya juu walipoambiwa hivyo, wengi walimkatalia kuhusu manjano, na hawakusahihishwa, kwa kuwa hakuna rangi moja iliyo sahihi kwa sauti fulani. Tunachodai ni sababu. Mtoto akisema sauti ya filimbi ni nyekundu kwa vile inachoma sikio, amejibu. Akisema ni nyekundu kwa vile anaipenda nyekundu, anaombwa asikilize tena.

Wazazi kadhaa wameuliza kama kazi hii haili muda wa hisabati. Sitaahidi kwamba alama zitapanda kwa sababu ya kucheza. Hata hivyo, kikundi kimoja kilipopiga makofi kila pigo la 3 na kingine kila pigo la 4, wakapaka rangi visanduku vyao kwenye mstari mmoja, waliona kwa macho na kusikia kwa masikio kwamba wanakutana kwenye pigo la 12, na mwalimu wa hisabati alilitumia zoezi hilo kufundisha vigawe. Mimi ningelihifadhi somo hili hata kama hilo lisingetokea.

Wapo watoto wanaoona haya kucheza mbele ya wenzao, na wapo ambao miili yao haiwaruhusu kutembea au kuruka. Hakuna aliyelazimishwa: mkono mmoja unatosha kuonyesha mstari unavyopanda na kushuka, na baadhi yao ndio waliokuwa viongozi bora, wakiwaonyesha wengine mchoro kwa kidole na kuamua kasi.

Wakati wa likizo, tafadhali msimwulize mtoto, “Umechora nini?”, kwa sababu mara nyingi hakuna kitu kilichochorwa. Mwombeni awasomee karatasi hiyo kwa makofi au kwa hatua, kisha mmoja wenu ajaribu kuisoma naye arekebishwe. Hakuna haja ya kununua ala wala rangi; meza ya kugonga na penseli vinatosha.

Muhula ujao madarasa yote yataunganisha michoro yao kuwa onyesho moja, hivyo kila mwanafunzi arudi na karatasi yake pamoja na nguo nyepesi ya kumwezesha kujongea. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya fomu ya ripoti, ambayo inapaswa kurejeshwa ikiwa na sahihi ya mzazi au mlezi.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu